Ukurasa wa Watoto

Sogeeni wanangu. Vuta kiti, Makame, na wewe Nargisi weka hiyo simu yako hapa juu ya mto, karibu na mdomo wangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na yale yatakayowapita leo mtayasikiliza siku nyingine mkiwa mmetulia. Serah keshanibadilisha shuka, keshanipa dawa, keshakwenda zake kwa mgonjwa mwengine, na yule binti wa Kikenya ana mikono ya huruma, kwa hiyo kitenge changu cha rangi ya zafarani mpeni yeye, asikatae. Tumebaki sisi watatu. Nitasema Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee niliyonayo nzima. Nyinyi mkitaka kujibu kwa Kiingereza jibuni kama mlivyozoea, lakini nawaomba msijibu, kwani nikikatizwa sasa sijui kama nitapata pa kuanzia tena.

Mali ya kuwagombanisha sina. Nyumba hii ya Kilburn ni ya kaunsili na kaunsili wataichukua. Cherehani mpelekeeni shoga yangu Pushpa kule Rayners Lane, ameitamani miaka arobaini na akidhani sijui. Mkufu ni wa Nargisi. Zulia la mama yangu, lile lililoungua pembeni, ni la Makame, isipokuwa mjomba wenu akilitaka, na akilitaka mpeni bila ya neno. Naona mnatazamana. Ndiyo, nimesema mjomba wenu. Nitamfikia.

Fungua droo ya cherehani, Nargisi, toa lile kopo la biskuti. Ndani kuna kijitabu chenye jalada jekundu lililochakaa. Wewe unakijua, ulikiona ukiwa na miaka ishirini, ukakisoma kwa kumtumia mwanafunzi mwenzako wa Kiirani, ukaja ukasimama pale mlangoni ukaniuliza, kwa Kiingereza na kwa sauti ndogo kuliko yako ya kila siku, kama nilikuwa nikimwonea haya baba yako. Kisha ukahama nyumbani miezi minane. Sikukujibu siku ile, na tangu siku ile nimekuwa nikikujibu peke yangu, jikoni, kwenye basi, kwenye foleni ya daktari. Leo nakujibu mbele ya kaka yako.

Kijitabu hicho ni cha kuzaliwa, kila Muirani anacho, mwanamume na mwanamke. Baba yangu alikuwa mtu wa Bandar Abbas aliyekuja Unguja kuuza tende na maji ya waridi, akafungua duka Mkunazini, na kila alipopata mtoto aliandika barua kwao ili mtoto naye aandikwe. Ukifungua mwanzo utaona jina langu, Badrunisa, na la baba yangu na la mama yangu. Mbele kuna ukurasa wa ndoa, na ukurasa wa watoto, na nyuma kabisa kuna mahali pa mihuri ya uchaguzi, maana kwao mtu akenda kupiga kura huenda na kijitabu chake, hukionesha mezani, akabonyeza kidole kwenye wino, akapewa karatasi, na kijitabu kikapigwa muhuri. Sasa kitazameni changu. Nyuma mihuri imejaa. Ukurasa wa ndoa hauna kitu. Ukurasa wa watoto hauna kitu. Kwa mujibu wa kijitabu hicho, wanangu, mimi ni mwanamwali wa miaka themanini na miwili ambaye hakuolewa, hakuzaa, na ambaye kazi yake duniani ilikuwa kwenda kupiga kura na kurudi.

Kura ya kwanza nilipiga Unguja, Julai ya mwaka sitini na tatu, nikiwa nimetimiza ishirini na mmoja. Nilikwenda na mama yangu, kavaa buibui jipya kama anakwenda harusini. Hakujua kusoma, lakini alikaa mle ndani muda mrefu kuliko mimi, na alipotoka nikamuuliza amemchagua nani, akanishika kidevu hivi, akasema: "Mwanangu, nimekwambia kila kitu tangu umezaliwa. Hili niachie."

Mwaka uleule, kule Irani, wanawake nao wakapewa haki ya kura. Baba aliposomewa habari hiyo dukani alicheka, akasema sasa binti yake atapiga kura nchi mbili. Ikaja Januari, na mambo ya Januari mnayajua, siyarudii. Kura zetu za Julai hazikuwa na maana tena, wala za watu wengine kwa miaka mingi iliyofuata, na baba akatoa vijitabu kutoka sandukuni, akampa kaka yangu Feruzi chake na changu, akatutia safarini kwenda kwao, pamoja na mke wa Feruzi na kitoto chao cha kike. Yeye na mama walibaki kufunga duka. Sikuwaona tena.

Bandar Abbas nilikaa miaka saba. Kule waliniita Mzanzibari, na Kiajemi changu kilikuwa cha dukani kwa baba, cha kuulizia bei na kumwamkia mgeni, basi wakinisikiliza wakitabasamu kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu vya mkubwa. Feruzi alitangulia London, akapata kazi, akaniita. Alikuwa kaka mwema, lazima mjue hilo. Alinipokea uwanja wa ndege na koti mkononi, amelinunua kwa kukisia na limenikaa sawasawa.

Na hapa Kilburn ndipo nilipomkuta baba yenu, pale stesheni, amevaa sare, anakusanya tiketi. Nilimpa yangu, akanitazama, akasema "Ahsante dada" kwa lafudhi ya Makunduchi, nikabaki nimesimama watu wananipita kushoto na kulia, kwa sababu sikuwa nimeitwa dada kwa sauti ile tangu nilipoondoka. Vuai alikuwa mtu wa mzaha. Aliponiuliza ukoo wangu nikamwambia sisi Waajemi, akasema basi ndugu, sisi watu wa Makunduchi ni Washirazi, mababu zetu walitoka hukohuko, nyinyi mmechelewa tu meli. Alikuwa akiamini. Kwao waliamini hivyo wote, tangu zama, na nani wa kuwaambia siyo.

Nikah ilisomwa chumbani kwa Feruzi, mwaka sabini na tatu, yeye ndiye walii wangu, na mashahidi walikuwa wazee wawili wa Unguja ambao wote wameshatangulia mbele ya haki, na sheikh pia. Pushpa alikuwa jikoni akikaanga bhajia. Ila kwa sheria ya kijitabu, mwanamke wa Kiirani anayeolewa na mgeni sharti apate ruhusa ya serikali yake kwanza, ndipo ndoa iandikwe, na watoto humfuata baba, hawamfuati mama. Vuai akajaza fomu ya ruhusa mwenyewe. Palipoulizwa asili ya mume, akaandika Mshirazi, tena akaambatanisha karatasi ya majina ya mababu zake kumi na wawili, alivyofundishwa na bibi yake. Msicheke. Au chekeni, yeye mwenyewe alicheka baadaye. Fomu ilikwenda, ikakaa mwaka mzima, ikarudi na barua ya heshima kwamba wametafuta katika daftari za Shirazi hawakumwona Vuai wala babu yake, na tafadhali alete kijitabu chake. Tukaandika upya, kwamba ni Mtanzania. Ikakaa tena. Ukazaliwa wewe Makame, ukazaliwa wewe Nargisi, na kule nchi ikaanza kuchemka, maofisi yakafungwa, na fomu yetu sijui ililala kwenye meza ya nani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mwezi wa Machi mwaka sabini na tisa waliitwa Wairani wote, wa kiume na wa kike, aliyetimia miaka kumi na sita na kuendelea, wachague kama wanautaka utawala mpya au hawautaki. Karatasi yenyewe ilikuwa na pande mbili, ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Unachagua upande mmoja unautia sandukuni. Hapa London tulipigia kura kwenye ukumbi mmoja wa kukodi. Na desturi ya nyumba yetu ilikuwa hii: vijitabu vya watu wote hukaa kwa mwanamume mkubwa. Feruzi alivifunga vyote kwenye leso, cha kwake, cha mkewe, cha binti yake, na changu, akavibeba kifuani hadi mezani, akavitoa kimoja kimoja, nasi tukabonyeza vidole. Mkewe alipopewa karatasi alimpa yeye amchagulie. Binti yake vilevile. Akaninyooshea mkono na mimi.

Nikamkumbuka mama na buibui lake jipya. Nikamwambia, "Kaka, hii yangu."

Nikaingia kwenye kile kijumba cha kitambaa. Kilikuwa kimetengenezwa kwa mapazia ya mtu, yana maua, yananukia vumbi. Nikasimama. Nje watu wanapiga kelele, wanalia kwa furaha, wanaitana, na mle ndani hapakuwa na mtu ila mimi, na hapakuwa na wa kuniuliza mume wangu nani, wala Kiajemi changu cha wapi. Nikachagua, nikakunja, nikatia. Nilipotoka Feruzi alikuwa mlangoni. Akaniuliza, "Umetia ipi?" Nikamwambia nimetia niliyoitaka. Akadhani ni nyekundu. Akaniuliza mara ya pili mbele ya watu, na mimi nikanyamaza mbele ya watu, na hapo ndipo nilipomvunjia heshima, nakiri, kwa sababu ningeweza kutabasamu, ningeweza kumshika mkono. Sikufanya. Nilichukua kijitabu changu mezani, nikakitia kwenye mkoba wangu, nikapanda basi peke yangu.

Wiki tano baadaye ukawa uchaguzi wa Kiingereza. Baba yenu alikuwa na haki ya kura hapa kwa sababu nchi yake ilitawaliwa na hawa, na mimi sikuwa nayo, kwa sababu yangu ya kwenye kijitabu hawakuitawala. Basi nikasimama nje ya geti la skuli, wewe Nargisi mgongoni, wewe Makame unanivuta sketi, nikamshikia koti lake mpaka akatoka. Tukacheka sana siku ile. Yeye Mshirazi anapiga kura Kilburn, mimi Mzanzibari napiga kura Tehrani. Lakini miaka ikenda, ukafika wakati wako Makame, ukaingia na baba yako, kisha Nargisi naye, na mimi palepale getini nimeshika makoti matatu. Mliniuliza kwa nini sikuomba uraia wa hapa. Nilikuwa nasema, nikishawaandika nyinyi kwenye kijitabu, nitaomba. Nikikiweka kijitabu pembeni kabla sijawaandika, nitakuwa nimewaacha humo milele hampo. Mwaka ukavuta mwaka.

Maana maofisi yalipofunguliwa tena, waliniambia hata ndoa ya zamani inaweza kuandikwa, iwapo walii aliyeioza atakuja kuapa kwamba aliioza. Feruzi tu. Nikamwendea, nimevaa vizuri, nimempikia biriani ya samaki, na mkewe akanipokea kwa machozi. Feruzi akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nitakuja kuapa leo hii. Niambie ulitia ipi."

Nikachukua sufuria yangu nikarudi nyumbani, na hiyo ndiyo sababu hamkukua na mjomba.

Nargisi, mwanangu, sikumwonea haya baba yako hata siku moja. Kila walipofungua ukumbi nilikwenda, mwaka huu namtaka huyu, mwaka ule simtaki yeyote na natia karatasi nyeupe, na kila nilipokwenda yule wa mezani alifungua ukurasa wa ndoa kwa bahati mbaya akitafuta wa mihuri, akaona weupe, akaniita "binti". Nilikuwa na miaka sitini na saba, nimemzika Vuai wiki sita nyuma, nikaitwa binti. Nilikwenda chooni nikakaa. Kisha nikatoka nikapiga kura, kwa sababu hicho kijumba cha pazia ndicho mahali pekee duniani ambapo sikuwa mgeni wa mtu. Humo nilikuwa peke yangu, lakini upweke huo nilijichagulia. Ule wa getini sikuuchagua.

Mwaka ule sheria ilipolegezwa, mtoto akaweza kumfuata mama, ulinipigia simu ukilia, Nargisi, ukataka twende. Nilikwenda mwenyewe ubalozini kuuliza, kwa basi, sikukwambia. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. Akasema, ndiyo mama, watoto waombe, lakini kwanza ndoa iandikwe, na je, yupo aliyeishuhudia? Nikamtaja Pushpa. Nilipomweleza Pushpa alitaka kwenda kuapa palepale, akaniambia, "Weye Badru, nilisikia kila neno, mlango ulikuwa wazi na mafuta yamepoa." Walimshukuru wakamrudisha, si Muislamu, tena alikuwa jikoni. Akabaki Feruzi.

Sasa jambo la wiki hii, mlijue nyote wawili, maana Makame analijua nusu. Pushpa alimkuta Feruzi kwenye duka la mboga karibu na stesheni ya Rayners Lane, anakaa huko na mwanawe, mzee wa themanini na saba, anatembelea kigari cha kusukuma. Alikwisha sikia kwamba naondoka. Akampa Pushpa maneno aniletee: nimwambie tu ile rangi, kabla hatujafa, na ataletwa kwa gari mpaka dirishani, ataapa, nanyi mtaandikwa. Makame akasema, Mama, sema rangi yoyote, sema kijani, nani atajua? Akampigia simu siku ya Jumanne akanishikia sikioni.

Miaka arobaini na tano tangu kura ile. Sauti yake imekuwa ya baba. Akasema, "Badru. Ilikuwa ipi?"

Nilikuwa nayo mdomoni, wanangu. Nakwambieni kweli, ilikuwa hapa. Neno moja tu, na jina la baba yenu lingeandikwa, na yenu chini yake. Na ningelitaja lile la kweli, sidhani hata kama lingemuudhi, au pengine lingemuudhi, siwaambii. Lakini niliona nikimpa hilo, nitakuwa nimemrudishia kijitabu kwenye leso, na kila muhuri humo utakuwa wa kwake, hata ule wa karatasi nyeupe. Na wewe binti yangu, na binti yako baada yako, ningewaachia uraia ulionunuliwa kwa kitu hichohicho nilichowataka muwe nacho. Nikamwambia, "Kaka, zulia la Mama liko kwangu, ukilitaka ni lako. Hilo jengine si lako."

Hakukata simu. Nikamsikia anapumua, nikasikia na treni inapita upande wake. Kisha akaniuliza, "Umekula?"

Nikamwambia nimekula.

"Umekula nini?"

Uji, nikamwambia. Akasema uji mzuri. Ndipo akakata.

Kwa hiyo, wanangu, mimi nimewanyima. Nilikuwa na kitu cha kuwapa na nikakizuia, na mkinikasirikia mna haki, nikasirikieni sasa nikiwa hai ili niwaombe radhi. Niwieni radhi. Nargisi, usilie juu ya simu, itaharibika.

Ngojeni nipumzike kidogo.

Haya. Nikifa, kijitabu hicho kisikae siku saba bila ya kupelekwa ubalozini. Nimesikia vijitabu vya maiti huweza kuendelea kupiga kura, na mimi sitaki mtu anisemee nikiwa kaburini, nilishakataa kusemewa nikiwa hai. Mkipeleke wenyewe, wote wawili, wala asipewe mtu mwengine kwenye leso wala kwenye bahasha. Watakipiga muhuri wa kukibatilisha. Waombeni wawarudishie, mimi nimeuliza, wengine hurudishiwa.

Feruzi mwiteni mazikoni. Yeye ni ndugu yangu, ana haki ya kunishusha, na hata kama hawezi kuinama mpeni pembe ya sanda aishike. Akiwauliza rangi, mwambieni hamjui. Ni kweli, hamjui.

Na kijitabu kikisharudi… maji, Makame. Kidogo. Basi, yatosha.

Kikisharudi kitakuwa hakina nguvu tena. Hakitamfungulia mtu mlango wowote. Ndipo muwe nacho. Mkae hapa, mezani, mchana, muandike kwa mkono wenu. Ukurasa wa ndoa, Vuai. Andikeni kazi yake, mkusanya tiketi, Kilburn. Andikeni na Mshirazi, atafurahi. Ukurasa wa watoto, Makame. Chini yake Nargisi. Kwa kalamu nyeusi, isiyofutika. Hakuna wa kuwakatalia. Kimeshakufa, ni chetu.

Nipeni mikono. Mkono wako wa baridi, Makame, vaa soksi.

Mungu awape… sauti inakwenda. Sogeeni. Mungu awape nchi moja, nyote. Jina likisomwa, mwitike pamoja. Awape mlango mmoja, muingie nyote, nyinyi na wanenu, na asibaki hata mmoja nje… ameshika makoti.